Dawa Iliyoonjwa

Mimi nina mdomo, kila mtu Kwemzigha anajua hivyo. Nimegombana na diwani, nimegombana na mwalimu mkuu, na sijutii hata mmoja. Lakini safari hii sikuponzwa na maneno. Niliponzwa na kumeza.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, zamu ya Bi Saumu. Aliingia zahanati akishika ukuta kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, kwa sababu macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Umri wake ni miaka themanini na miwili. Ujana wake wote aliuza kabichi soko la Lushoto, na ile sauti ya kuitia wateja hajaiacha mpaka leo.

"Rukaiya! Upo, au nimeingia kwa fundi cherehani?"

"Nipo, Bi Saumu. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe kiti, miguu inanigomea."

Nikamkalisha, nikaitazama miguu. Ilikuwa imevimba kuanzia vifundoni, ngozi inang'aa, na nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale pale. Wiki iliyopita haikuwa hivyo. Nikaandika.

Mbele ya kiti chake ndipo aliposimama Mpishi. Jina lake la kiserikali ni refu na halina ladha, ndiyo maana hakuna anayelitumia. Ni kabati la chuma, ukubwa wa kabati la nguo, lenye droo sitini na nne: magome ya mzambarau, majani ya mlonge, mchaichai, kivumbasi, mizizi ya mkwamba, na mengine mengi tunayolima kwenye bustani nyuma ya zahanati. Juu lina kioo cha kompyuta, chini lina birika, ubavuni lina mrija, na mwisho wa mrija kuna kijiko cha chuma kilichofungwa kwa waya. Mpishi anamtibu mtu mzima mzima, hachagui kiungo kimoja. Ndugu wawili wenye kisukari, wanaolala chumba kimoja, hawapati dawa moja, kwa sababu mmoja hapati usingizi na mwenzake ana hasira za kila siku. Kwa hiyo kabla ya dawa kuna maswali arobaini, na kazi yangu ilikuwa kuyauliza. Unalala vipi? Unakula na nani? Nani amekuudhi wiki hii? Mpishi huchanganya majibu hayo na yale aliyoyasoma mwilini, kisha huchemsha dawa ya mtu huyo peke yake.

Na siku nyingine haagizi majani tu. Bi Saumu aliagizwa asile peke yake. Kwa kuwa mumewe amekufa na wanawe wako mbali, mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kula naye kila Jumanne mchana, na majirani wakagawana siku zilizobaki. Sukari yake ilianza kushuka mwezi ule ule.

"Nani amekuudhi wiki hii?" nikamuuliza.

"Wewe. Maharage ya Jumanne iliyopita hayakuwa na chumvi."

"Hiyo ni amri ya Mpishi."

"Basi andika wote wawili."

Nikaandika wote wawili. Birika likachemka, mrija ukakohoa, dawa ikajaa kijikoni, nyeusi. Bi Saumu akainua uso.

"Onja."

"Lini sijaonja, Bi Saumu?"

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mama yangu alikuwa mganga wa mitishamba, na bibi yangu, na mama yake bibi. Kwetu anayetoa dawa huonja kwanza. Anameza mbele ya mgonjwa, mgonjwa anamsikia, ndipo naye anakunywa. Ukimpa mtu dawa ambayo wewe mwenyewe hujaimeza, umemtukana, hata kama ni maji matupu. Serikali ilipotuletea Mpishi tulifundishwa siku tano Tanga mjini, na sheria ya nane ilisema kijiko kisiingie mdomo mwingine. Nikadhani ni habari za usafi. Basi nikawa nasukutua kwa maji ya karafuu kabla ya kila mgonjwa, nikajiona mimi ni msafi kuliko sheria yenyewe. Na ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza, kabla sijaanza kuonja, nilikuwa na wagonjwa wanne. Nilipoanza kuonja walifika thelathini na mmoja.

Nikanywa nusu kijiko, nikameza kwa sauti. Bi Saumu akasikiliza, akatikisa kichwa, akamalizia nusu iliyobaki na vijiko viwili vilivyofuata.

"Chungu leo," akasema. "Imezidi."

Ilikuwa imezidi kweli. Niliijua ladha ile toka utoto: mzizi wa mshashu, dawa ya ini. Bi Saumu hakuwa na ugonjwa wa ini. Nikajiambia Mpishi anajua zaidi yangu, nikakisafisha kijiko kwa mvuke, nikamwita anayefuata.

*

Mchana huo huo alikuja Daktari Elinami Mbwambo kutoka wilayani. Ni kijana mpole wa Kipare, mwenye tabia ya kuvua viatu mlangoni hata pasipo na mkeka. Ndiye anayesimamia Mpishi wote wa milima hii. Aliniamkia, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Mama, wagonjwa wako wanaumwa ini."

"Wangapi?"

"Wote." Akanigeuzia kioo cha kompyuta yake ya mkononi. "Mwezi huu ndiyo tumeanza kulinganisha kijiji na kijiji. Kwingine hakuna. Hapa kwako, wote thelathini na mmoja, alama ile ile. Ini linaanza kuwa gumu. Kuna kitu watu wanakula hapa, au wanakunywa. Nimeshachota maji ya chemchemi yenu nikayapime."

Niliitazama ile mistari. Yote ilikuwa inainuka mahali pamoja, kwa kimo kimoja. Wazee, vijana, wanene, wembamba, wanaokunywa pombe ya miwa na wasioigusa.

"Mpishi amekuwa anawapa mshashu kidogo kidogo muda wote huu," akaendelea. "Alama inashuka, lakini polepole mno. Wilaya imeamua dozi ya mshashu iongezwe mara tatu kwa wote. Tunaanza Ijumaa. Nitakuwepo mwenyewe."

"Mara tatu! Daktari, mshashu unaelemea figo. Bi Saumu miguu imevimba, leo nimeibonyeza kwa kidole changu mwenyewe."

"Nimeona ulivyoandika. Lakini Mpishi anasema figo zake ni nzuri. Kwa mtu wa miaka themanini, nzuri ajabu."

Hapo nikakumbuka ya kwangu. Miaka miwili na nusu iliyopita macho yangu yalikuwa ya manjano. Nilikuwa nawashwa mwili mzima mpaka najikuna kwa gunzi la mahindi. Mama yangu alikufa na macho ya rangi hiyo, tumbo limejaa maji. Wahudumu hatuna ruhusa ya kutibiwa na Mpishi tunayemtumikia, tunatakiwa tuandikishwe Tanga, na mimi sikwenda. Niliogopa kuambiwa. Kisha nikaanza kazi hii, na polepole macho yakawa meupe na mwasho ukaisha, nikajisemea ni hewa ya bustani.

"Daktari," nikasema, "kile kijiko kinasoma wakati gani?"

"Kila kikiingia mdomoni. Kina ngozi nyembamba chini ya ukingo, inasoma mate kabla dawa haijashuka. Kila kikao kinasoma mara nne. Mpishi anachanganya zote nne, anapata picha moja ya mgonjwa, na kwa picha hiyo anapanga dawa ya kikao kinachofuata." Akacheka. "Kwani mlifundishwaje?"

Mimi nilishika kwamba kinasoma siku ya kwanza tu. Labda walieleza vizuri wakati ule nabishana na mtu wa kiti cha pembeni. Inawezekana kabisa.

"Na kikiingia mdomo wa mtu mwingine?"

"Sheria ya nane, mama, hakiingii." Hakuwa na shaka hata chembe. "Ikitokea, faili limechafuka. Linafutwa lote na mgonjwa anaanza upya, wiki sita za kusomwa bila dawa yoyote, maana dawa ya zamani haiaminiki tena. Na mhudumu anaondolewa. Kwa nini?"

Na mimi Rukaiya, mwenye mdomo, nikasema, "Nauliza tu."

*

Jumatano zahanati hufungwa adhuhuri. Nikafunga mlango, nikafungua faili jipya la thelathini na mbili, la kwangu mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Sikuwahi kukikalia. Ni kifupi, droo zote ziko juu yako, na birika linakutazama usoni.

Nikajisomea maswali kwa sauti na kujijibu. Nalala vizuri. Nakula na watu. Nani ameniudhi, orodha ndefu. Swali la ishirini na saba linasema: Nani anajua unaumwa? Swali hilo nimewauliza watu thelathini na mmoja kwa miaka miwili, na waliojibu "hakuna" nimewakemea kwa kuficha maradhi. Nikajibu, "Hakuna."

Nikakitia kijiko mdomoni kikiwa kitupu, mara nne.

Alama ya ini ikatokea kiooni, pale pale kwenye mistari ya wale wengine, lakini kwa kimo mara nne. Haikunichukua muda kuelewa. Kila kikao mdomo wangu mara moja, mdomo wa mgonjwa mara tatu. Robo ya kila mgonjwa wangu ilikuwa mimi. Mpishi alikuwa ameona ini bovu ndani ya watu thelathini na mmoja, akawapa dawa ya ini wote, na mimi nikaionja kwa kila mmoja wao, nusu kijiko, nusu kijiko, mara mbili kwa wiki. Ukizijumlisha zote ni dozi kamili ya mtu mmoja. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri, ameniponya bila kujua kama nipo.

Na figo zangu ni nzima. Nazo zilikuwa robo ya Bi Saumu. Figo zake zilipoanza kulegea, zangu zilimfichia Mpishi, naye akaendelea kumimina mshashu. Mimi nilikuwa napona, na gharama yake ilikuwa miguu ya Bi Saumu. Nikainuka kwenye kile kiti kwa aibu.

Baadaye nikaanza kutafuta njia ya kutokea, sifichi. Nikisema ukweli, mafaili yote yanafutwa. Wiki sita bila dawa. Yupo Hemedi Kaniki, fundi seremala, ambaye presha yake ilitulia kwa Mpishi tu baada ya kushindikana kila mahali. Wiki sita kwa Hemedi ni nyingi. Nisiposema, lakini nikaacha kuonja na kuitoa droo ya mshashu kimyakimya, Mpishi ataona imekwisha, atapika bila mshashu, na baada ya miezi mitatu hivi sehemu yangu itakuwa imefifia kwenye mafaili yote. Hakuna atakayejua. Hemedi atabaki na dawa yake, mimi nitabaki na kazi yangu. Tatizo ni Bi Saumu. Muda wote huo figo zake zingekuwa bado zimejificha nyuma ya zangu, na hakuna ambaye angeanza kuzitibu.

Nikachagua hiyo njia ya pili. Nasema ilivyokuwa. Niliitoa droo ya mshashu, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo nyumbani.

*

Ijumaa benchi la nje lilijaa. Daktari Mbwambo alikuwa ameshafika, amesimama kizingitini na soksi zake, kioo mkononi. Bi Saumu aliingia wa kwanza. Safari hii alishikwa na Hemedi, kwa sababu miguu ilikuwa haimwezi tena.

Nikauliza maswali. Birika likachemka. Kiooni pakaandikwa mshashu umekwisha.

"Umekwishaje?" Daktari akauliza.

"Nitachimba mwingine kesho," nikasema.

Dawa ikajaa kijikoni. Bi Saumu akainua uso, akasema onja. Nikakisogeza kijiko mpaka kwenye midomo yangu, sikukitia ndani. Nikameza mate yangu mwenyewe kwa nguvu, kwa sauti, kisha nikampelekea.

Bi Saumu hakufungua mdomo.

"Hujameza."

"Nimemeza, Bi Saumu, hujasikia?"

"Nimesikia mate. Dawa hailii hivyo." Akairudisha nyuma shingo. "Rukaiya, nimeuza kabichi miaka arobaini, namjua anayenidanganya hata akiwa kimya. Kuna nini humo ndani ambacho wewe hukitaki?"

Alisema kwa ile sauti yake ya sokoni. Benchi lote likasikia. Mtu mmoja akasimama, na mwingine, na Hemedi aliyekuwa mlangoni akaniangalia kana kwamba hanijui.

"Rukaiya," Hemedi akasema, "umeweka nini kwenye dawa zetu?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari ulimini. Nikamtazama Bi Saumu, ameketi na mdomo ameufumba, miguu yake imeiva kwa kuvimba, ananisubiri mimi. Hakumgeukia Daktari. Hakumgeukia Mpishi. Nikaona kwamba nikimdanganya sasa hatakunywa dawa ya mtu yeyote tena, na atakuwa na haki.

"Nimejiweka mimi," nikasema.

Nikaeleza yote, mbele ya wote. Kuonja, kijiko, ini langu, macho ya manjano, figo zangu, faili la thelathini na mbili, droo niliyoificha. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Daktari Mbwambo alishusha kioo chake taratibu. Alikuwa mtu wa kwanza kuelewa, na rangi ilimtoka usoni.

"Miaka miwili?" akasema. "Mama, kila kikao?"

"Kila kikao."

"Lakini sheria ya nane..."

"Naijua sheria ya nane. Nilidhani ni ya usafi. Nilikuwa nasukutua."

Akakaa kwenye benchi kati ya wagonjwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba waliotengeneza Mpishi walifikiria mengi, umeme kukatika, panya kwenye droo, mgonjwa kuuma kijiko. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu mzima mwenye akili zake atainywa dawa ya mwenzake.

"Aliyemtengeneza hajawahi kuuguzwa na mtu," Bi Saumu akasema. Kisha akanigeukia mimi, usawa wa sauti yangu. "Kwa hiyo hii miaka yote nakunywa dawa ya ini lako."

"Ndiyo, Bi Saumu."

"Na miguu hii?"

"Figo zako zinaumwa. Zangu zimezifunika, Mpishi hakuziona."

"Na ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. "Juzi."

"Juzi," akarudia. "Na leo ukanimezea mate."

Nikalia. Sijawahi kulia mbele ya watu, hata mazikoni kwa mama nilikuwa naamrisha wapishi. Nililia kwa sababu alikuwa hajakasirika kuhusu ini wala figo, alikuwa amekasirika kuhusu mate, na nilijua kabisa anachosema.

Hemedi yeye alikasirika kwa yote. Daktari alipoeleza kwamba mafaili lazima yafutwe, wiki sita bila dawa, Hemedi alipiga mlango kwa kiganja. "Umetumaliza, Rukaiya," akasema.  

Daktari Mbwambo alifanya kazi yake. Alimtoa Bi Saumu damu pale pale, kwa sindano ya zamani, na gari likamchukua kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kisha akakaa mbele ya Mpishi, akayafuta mafaili moja moja, thelathini na moja, akiwataja wenyewe majina. Langu la thelathini na mbili akaliacha.

"Hili halijachafuka," akasema. "Ni mdomo mmoja." Akaniomba funguo za zahanati, na alizipokea kwa mikono miwili.

*

Nitasema yaliyotokea kama yalivyo. Figo za Bi Saumu hazikurudi zote. Hospitali walisema imebaki kama theluthi ya nguvu ya figo, itamtosha akijitunza, ila mshashu asiuguse tena maishani, hata tone. Hemedi wiki ya nne alianguka kwenye karakana yake, na upande mmoja wa mdomo ukafa ganzi. Anaongea sasa, anatembea na mkongojo, randa hawezi kushika. Tukikutana njiani hanisalimii. Nami humsalimia vile vile, kila siku, maana ni haki yake kukataa na ni wajibu wangu kutoa.

Daktari Mbwambo aliandika ripoti ndefu wilayani. Hakunitetea, aliandika ukweli, lakini mwishoni akaongeza kwamba wagonjwa thelathini na mmoja walikuwa wamekunywa dawa miaka miwili bila kukosa kikao, na hakuna kijiji kingine chenye hesabu hiyo. Wakakubali jambo moja. Dawa itamiminwa kwanza kwenye kijiko cha mti, kisicho na waya, na mhudumu ataonja kwa hicho. Kijiko cha mti, jamani. Kila nyumba hapa ina vitano.

Mhudumu mpya ni Eliwaza, binti wa watu, mtaratibu, mwandiko mzuri. Mimi wiki ya saba nikaitwa, mgonjwa wa thelathini na mbili, Jumanne, saa tatu. Macho yangu yalikuwa yameanza tena kuwa ya manjano.

Nikakaa kwenye kile kiti kifupi. Benchi lilikuwa limejaa nyuma yangu, na Bi Saumu alikuwa wa kwanza kabisa, miguu yake imezungushiwa bendeji, kijiko chake mwenyewe cha mti kimechomekwa kwenye mkunjo wa kanga. Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa hajaniambia hata neno moja, na Jumanne zote hizo nilikula peke yangu.

Eliwaza akauliza maswali moja baada ya jingine. Akafika la ishirini na saba.

"Nani anajua unaumwa?"

Kabla sijajibu, ile sauti ya sokoni ikatoka nyuma. "Benchi zima! Andika!"

Eliwaza akaandika. Birika likachemka. Ule mrija ukakohoa, na dawa ikajaa kwenye kijiko cha chuma, nyeusi, harufu ya mshashu ikanijia puani. Nikasubiri. Eliwaza hakuchukua kijiko cha mti. Aliweka mkono tumboni, akaona haya.

"Mama Rukaiya, nisamehe. Nina mimba ya miezi mitano. Mshashu siruhusiwi. Wengine nawaonjea, lakini yako siwezi."

"Hakuna neno, mwanangu," nikasema. "Lete tu."

Akaniletea mpaka mdomoni. Na koo langu likagoma. Siyo utani. Nilijua kila jani lililomo, bustani ile niliipanda mimi, nilijua dawa ni ya kwangu na itaniponya. Lakini hakuna mtu aliyeimeza mbele yangu. Mdomo haukufunguka. Miaka miwili nimewacheka watu kwa jambo hilo, nikiwaita waoga, huku nawaonjea.

Nyuma nikasikia fimbo inagonga sakafu.

"Nitaonja mimi," Bi Saumu akasema.

"Bibi, hapana!" Eliwaza akashtuka. "Wewe mshashu hata tone umekatazwa."

"Nimesikia hospitali, sijaanza uziwi. Yeye amemeza vijiko vyangu miaka miwili. Tone moja halitanizika." Alikuwa ameshasimama. Kijiko cha mti kilikuwa mkononi, na mkono ule mwingine ulikuwa unapapasa hewani kuutafuta mrija. Hatua moja. Mtu akajaribu kumshika, yeye akampiga kofi la kiganja. Hatua ya pili.

Nikaufungua mdomo, nikakivuta kijiko, nikameza. Chote kizima, siyo nusu. Nadhani ni mimi wa kwanza katika ukoo wetu kumeza dawa ambayo haijaonjwa. Ilikuwa chungu mpaka masikioni.

Bi Saumu akasimama pale alipofika. Alikuwa amesikia.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Siyo mate?"

"Siyo mate, Bi Saumu."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

 Kisha akakifuta kile kijiko kikavu kwa ncha ya kanga, akakirudisha mahali pake.

"Huna adabu wewe," akasema, na akaunyoosha mkono ili nimshike. "Maliza vijiko vyako twende. Maharage nimeyaacha jikoni, na leo nimetia chumvi."